Aliyekesha hajui kiasi alichopungukiwa: usingizi, macho na wepesi wa kuitikia

MLETA MADA (Tanga mjini)

Wanajukwaa, salaam.

Tangu mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mazungumzo ya barazani hapa Tanga hayaishi kurudi kwenye swali moja: je, mtu aliyezoea kupata usingizi wa saa 4 au 5 tu anaweza kushika usukani wa basi, pikipiki au chombo cha baharini sawasawa na yule aliyelala akatosheka? Wanaofanya kazi hizo, kuanzia vijana wa bodaboda wa Ngamiani hadi wavuvi wa dagaa wanaofika mwalo wa Deep Sea alfajiri, karibu wote hujibu kwamba inawezekana, maadamu mwili umeshazoea. Naandika uzi huu kwa sababu dai hilo la mazoea limepimwa maabara kwa miaka mingi, na matokeo yake hayakubaliani hata kidogo na jinsi tunavyojihisi.

Kipimo kinachotumika zaidi ni chepesi mno. Watafiti wawili wa Marekani, David Dinges na John Powell, walikitangaza mwaka 1985. Mtu huketi mbele ya kifaa kidogo kwa dakika 10, na baada ya muda usiotabirika, kati ya sekunde 2 na 10, tarakimu huwaka. Kazi yake ni kubonyeza kitufe mara aionapo, basi. Aliyelala vizuri hubonyeza baada ya takriban robo ya sekunde. Akichelewa hadi kupita milisekunde 500, yaani nusu sekunde, huhesabiwa kuwa amepitiwa. Hakuna la kukariri wala la kufikiria, na ndiyo maana mtu hapati nafasi ya kuficha uchovu wake nyuma ya ujanja au uzoefu wa kazi.

Wengi hawaitarajii sura ya kuharibika kwa wepesi huo wa kuitikia. Tungedhani kwamba aliyekesha huwa mzito katika kila jibu kwa kiwango kilekile, lakini sivyo. Majibu yake mengi hubaki karibu na kawaida, ila katikati yake huchomoza jibu moja la sekunde nzima, jingine la sekunde tatu, na mara nyingine jibu halitokei kabisa. Pengine hubonyeza hata kabla tarakimu haijawaka, kwa kuwa anajikaza kupita kiasi. Kwa hiyo dereva anaweza kutoka Segera hadi Chalinze akiwa sawa katika sehemu kubwa ya njia, akafika salama, na akaihesabu safari hiyo kuwa ushahidi wa uimara wake, ilhali zile nyakati chache alizopitiwa hazikukutana na ng'ombe wala lori bovu lililoachwa barabarani bila taa.

Utafiti ninaouona kuwa na uzito kuliko yote ni wa Hans Van Dongen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003. Watu wazima 48 wenye afya njema waligawanywa makundi: baadhi walipewa saa 8 za kulala kila usiku, wengine 6, wengine 4, kwa siku 14 mfululizo, na kundi la mwisho likakeshwa siku tatu bila kulala kabisa. Wale wa saa 6, ambao wengi wetu tungewaita watu waliolala, walizidi kupitiwa kadiri siku zilivyosonga, na wale wa saa 4 wakaharibika kwa kasi zaidi, hata mwisho wa majuma mawili kasoro za waliobanwa usingizi zikafikia zile za mtu aliyekesha siku mbili nzima. Kisha waliulizwa kila mara wanajisikiaje. Katika siku za mwanzo walikiri kwamba wanasikia usingizi; baada ya hapo hisia hiyo ikasimama pale pale, wakaona kwamba wamekwisha kuzoea, huku kipimo cha kitufe kikiendelea kushuka siku baada ya siku. Sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Kilichozoea ni hisia. Macho na mikono havikuzoea.

Kwa wanaotaka kulinganisha na pombe, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walifanya hivyo mwaka 1997. Mtu aliyekaa macho saa 17 alishuka uwezo wa kuoanisha jicho na mkono hadi kulingana na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, ambacho ndicho kikomo cha kisheria cha udereva katika nchi nyingi za Ulaya. Alipofikisha saa 24 akalingana na mwenye takriban 0.10. Fanyeni hesabu ya hapa kwetu: aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufikisha saa 17 ifikapo saa nne usiku, wakati ambao watu wengi bado wako kazini au njiani.

Sababu ya haya yote imo katika mambo mawili yaliyoelezwa kwa pamoja na Alexander Borbély wa Zurich mwaka 1982. La kwanza ni shinikizo la usingizi linalopanda kadiri tunavyokaa macho. Mojawapo ya kemikali zinazohusika ni adenosini, ambayo hujikusanya katika ubongo wakati seli zinapotumia nguvu. La pili ni saa ya mwili, inayoongozwa na kiini kidogo cha ubongo kilicho juu ya mahali neva za macho zinapopishana, ambayo huushusha wepesi wetu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kuushusha tena kwa kiasi kidogo mchana kati ya saa nane na saa kumi. Mambo hayo mawili yakikutana, yaani deni kubwa la usingizi na saa tisa usiku, hapo ndipo ajali za kupitiwa zinapokuwa nyingi.

Kuna jambo lililogunduliwa karibuni zaidi ambalo linaeleza kwa nini mtu hupitiwa huku macho yamefumbuka. Mwaka 2011 Vladyslav Vyazovskiy na wenzake walionyesha kwamba kwa panya waliokeshwa, vikundi vidogo vya seli za neva huzimika kwa muda mfupi sana, kama vifanyavyo usingizini, ilhali mnyama mwenyewe anatembea na anaonekana yuko macho. Mwaka 2017 kundi la Yuval Nir na Itzhak Fried lilirekodi seli moja moja katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa nyaya kwa ajili ya matibabu, na likakuta kwamba wagonjwa hao walipopungukiwa na usingizi, seli zinazoitikia picha ziliitikia kwa kuchelewa na kwa udhaifu kabla mtu hajachelewa kujibu. Maana yake ni kwamba kuchelewa hakuanzii mkononi. Picha yenyewe imechelewa kuonekana.

Ukifuatilia mlolongo wa kuona utakuta kila hatua ina kasoro yake. Mboni, ambayo gizani hutulia ikiwa imepanuka, huanza kupanuka na kusinyaa bila sababu ya mwanga. Mruko wa jicho kutoka kitu kimoja hadi kingine hupungua kasi. Kope hushuka polepole na kukawia kuinuka, na kwa baadhi ya watu kitu kimoja huonekana viwili. Umakini hujikunja katikati, hata mwendesha baiskeli anayeingia kutoka pembeni akatambuliwa kwa kuchelewa, na kwa mji wetu wenye baiskeli nyingi namna hii sidhani kwamba hilo ni jambo dogo.

Nawakaribisha kwa hoja.

KIJIWE CHA CHUMBAGENI

Mkuu, shukrani kwa mada. Mimi ni mwendesha bodaboda. Mchana nachukua abiria, na usiku nangoja wanaotoka harusini na kwenye rusharoho, maana malipo ya usiku ndiyo yanayolipa marejesho ya pikipiki. Nikisikia usingizi nakunywa vikombe viwili vya kahawa tungu barazani, nafungua zipu ya koti upepo unipige kifuani, naendelea na kazi. Je, kahawa haifuti hilo deni unalolisema?

MLETA MADA

Ndugu yangu, hailifuti, inalificha. Kafeini iliyomo katika kahawa hukalia vipokezi vya ubongo ambavyo adenosini ingevikalia, kwa hiyo ubongo haupati taarifa ya uchovu. Adenosini yenyewe inaendelea kujikusanya, na kafeini ikipungua taarifa zote hufika kwa pamoja. Nguvu yake hukamilika baada ya nusu saa hadi saa nzima, na kwa mtu wa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa 5. Ukinywa saa tano usiku, kufikia saa kumi alfajiri nusu bado imo, na usingizi utakaoupata ukirudi nyumbani utakuwa mwepesi. Sisemi usinywe. Inasaidia kweli kwa muda, na ni heri mtu aliyekunywa kuliko asiyekunywa.

Kuhusu upepo, Louise Reyner na Jim Horne wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilijaribu jambo hilo mwaka 1998 kwa madereva wenye usingizi waliowekwa katika gari la maabara: hewa baridi usoni na redio vilileta nafuu ndogo ya muda mfupi tu. Kilichofanya vizuri zaidi katika majaribio yao mengine ni kunywa kahawa na kulala papo hapo kwa kama dakika 15, kwa sababu unapoamka ndipo kafeini inapoanza kazi. Kijiweni kwenu mnaweza kupangiana zamu za namna hiyo bila gharama yoyote.

Sasa hesabu. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukipitiwa kwa nusu sekunde, umekwenda mita 7 kabla mkono haujagusa breki. Ukipitiwa kwa sekunde tatu, ni mita 42. Pima umbali huo kutoka kijiweni uone unaishia mbele ya duka la nani. Hesabu hiyo haina hata mita moja ya kusimama kwenyewe.

Kwa wanaotumia mirungi: ukiacha kwamba imepigwa marufuku nchini, kathinoni, kemikali iliyomo, hufanya kazi kwa namna inayofanana na amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo. Inaondoa hisia ya usingizi na kuongeza ujasiri, na huo ni mchanganyiko mbaya kuliko usingizi peke yake.

MTU WA RASKAZONE

Mleta mada, nina shaka na vipimo hivi. Kumkalisha mtu dakika 10 akibonyeza kitufe ni jambo la kuchosha hata kwa aliyelala saa 9. Barabarani kuna hatari ya kweli, na hatari humwamsha mtu. Baba yangu aliendesha malori miaka mingi na hakuwahi kulala zaidi ya saa 5.

MLETA MADA

Hoja yako ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imepimwa. Mwaka 1985 Horne na Pettitt waliwakesha watu siku tatu wakiwaahidi fedha kwa kila jibu sahihi. Fedha iliwabeba: kwa takriban saa 36 za mwanzo walibaki katika kiwango chao cha kawaida. Baada ya hapo walianza kushuka, na fedha haikuweza kuwainua tena. Kwa hiyo bidii inafidia kwa muda, kisha inakwisha.

Lakini angalia lini hatari humwamsha mtu. Humwamsha akiwa ameshaiona. Kipande kirefu kilichonyooka usiku, bila gari linalokuja mbele, hakina hatari inayoonekana. Kina ukimya na mstari mweupe, nacho kinafanana na hicho kipimo cha kitufe kuliko unavyodhani. Kuchosha kwa kipimo hicho ndiyo faida yake. Na kama unataka ushahidi wa barabarani, taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani ilichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa madereva waliopata ajali: waliolala saa 4 hadi 5 katika siku iliyotangulia walikuwa na kiwango cha ajali zaidi ya mara 4 ya waliolala saa 7 au zaidi, na waliolala chini ya saa 4 kiwango chao kilizidi mara 11.

Kuhusu mzee wako, namwombea kheri. Wapo watu wachache ambao mwili wao unahitaji usingizi mfupi kwa asili. Mwaka 2009 kundi la Ying-Hui Fu la California lilitambua badiliko katika jeni iitwayo DEC2 katika familia ya watu wa namna hiyo. Ni wachache mno, na kwa kila mmoja wao wapo wengi wanaojiona ni yeye.

MUUGUZI WA ZAMU

Naomba kuchangia kutoka upande wa wodini, kwa kuwa nafanya zamu za usiku katika hospitali moja ya mkoa huu. Tatizo letu si kuona kitu kikubwa, kwa sababu damu ikimwagika kila mtu huiona. Tatizo ni mambo madogo: mtoto ambaye uso wake umebadilika kidogo, dripu iliyopungua mwendo, au nukta katika kipimo cha dawa. Ifikapo saa tisa usiku nasoma mstari huohuo wa kadi mara mbili na bado siushiki. Sisi tumewekeana utaratibu kwamba dozi za watoto zinazoandaliwa baada ya saa nane usiku lazima zisomwe na watu wawili kwa sauti. Ninachotaka kuuliza ni hiki: wenzangu wengine husema kwamba kujilaza kidogo katikati ya zamu humfanya mtu aamke akiwa mzito kuliko kabla hajalala. Je, ni kweli?

MLETA MADA

Dada, utaratibu wenu wa kusoma kwa sauti ni mzuri kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu haumtegemei mtu ajihukumu mwenyewe kama amechoka.

Na ndiyo, ni kweli, ila ni kwa muda. Anayeamshwa kutoka usingizi wa pono hubaki katika mang'amung'amu kwa dakika 15 hadi 30, pengine zaidi kama ana deni kubwa, na katika dakika hizo uamuzi na hesabu vyake huweza kuwa vibaya kuliko vya aliyekesha. Ndiyo sababu ya kushauri usingizi mfupi wa kama dakika 20, kabla mtu hajazama, au mrefu unaokaribia saa moja na nusu, na kwamba mtu asikabidhiwe dawa mara tu anapofumbua macho. Shirika la NASA, katika majaribio yake kwa marubani wa safari ndefu, liliwapa nafasi ya dakika 40 za kupumzika kitini kwa zamu. Kwa wastani walilala dakika 26, na katika sehemu iliyobaki ya safari waliitikia upesi kuliko wenzao ambao hawakupewa nafasi hiyo, hata wakati wa kushuka kutua.

Uliyoyasema kuhusu uso wa mtoto pia yamepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa kundi la Matthew Walker waliwaonyesha watu waliokeshwa picha za nyuso, na waliokosa usingizi walidhoofika hasa katika kutambua hasira na furaha za kiwango cha kati, si zile zilizo wazi kabisa. Baada ya kulala uwezo ulirudi.

NAHODHA WA DAGAA

Wanajukwaa, asalaam alaykum. Mimi ni nahodha, natokea Deep Sea. Kazi yetu inafuata giza: mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo tunakesha usiku wa giza mfululizo, kisha tunapumzika mwezi ukikomaa. Tunatoka magharibi, tunarudi alfajiri, halafu kuna mnada, kuna nyavu za kushona, na kulala mchana nyumbani penye watoto ni shida. Ninachotaka kukisema ni kwamba usiku wa mwisho wa giza mabaharia huona vitu. Mmoja huona taa ya chombo kinachotujia na hakuna chombo. Mwingine husikia anaitwa kwa jina. Wazee wetu wana maelezo yao kuhusu bahari, na mimi siyadharau. Nauliza tu, utaalamu unasemaje?

MLETA MADA

Maalim, swali lako nimelifurahia kuliko yote, na wala halihitaji kuwadharau wazee. Nitakueleza yale yaliyoonekana nchi kavu, ndani ya vyumba vyenye taa, ili tuone yanafanana kiasi gani na ya kwako.

Jaribio la kwanza la kuwakesha binadamu kwa ajili ya utafiti lilichapishwa mwaka 1896 na Patrick na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Watu watatu walikaa macho saa 90. Watafiti walipima wepesi wao wa kuitikia, ukapungua kama ambavyo tungetarajia. Mmoja wao, baada ya usiku wa pili, alianza kulalamika kwamba sakafu imefunikwa na tabaka la chembe chembe zenye kung'aa kama mafuta, zinazotikisika haraka, akawa anapata taabu ya kukanyaga. Alipolala, zikaondoka. Kisha mapema mwaka 1964, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Randy Gardner, alimaliza saa 264 bila kulala, na mtaalamu wa usingizi William Dement alikuwa miongoni mwa waliomfuatilia. Katika siku zake za kukesha aliwahi kudhani kibao cha barabarani ni mtu.

Mwaka 2018 Flavie Waters na wenzake walikusanya tafiti 21 zenye watu 760 kwa jumla, wakakuta mpangilio unaojirudia. Ndani ya siku ya kwanza hadi ya pili huja kasoro za kuona: vitu hubadilika ukubwa, kingo hutetemeka, kisichosogea huonekana kinasogea, na mtu hupoteza hesabu ya muda. Macho ndiyo yanayotangulia kuathirika. Kadiri mkesha unavyorefuka, mauzauza kamili huingia, na kufikia siku ya tatu huweza kugusa hisi zote: kuona, kusikia na kuhisi mwilini. Watu hao walikuwa na akili timamu, na kwa wengi wao usingizi wa kutosha uliyaondoa.

Bahari ya usiku inaongeza mambo mawili juu ya hayo. Giza linaloanza nje ya mzunguko wa taa zenu halina kitu cha kulishikiza jicho, na ubongo usiopewa picha hujaza pengo kwa kukisia. Tena mtu anayesinzia kwa sekunde chache huanza kuota kabla hajajua kwamba amelala. Sauti inayomwita mtu kwa jina ni jambo la kawaida kabisa katika mpaka huo wa kuingia usingizini, hata kwa mtu aliye kitandani kwake. Kwa upande wa usalama, hatari haiko katika kuona taa isiyokuwapo pekee. Baharia aliyezoea kuona taa za uongo ataipuuza ya kweli, na vyombo vyenu vinapita katika njia ya meli ziingiazo bandarini Tanga.

MWALIMU WA FIZIKIA

Nawapongeza wote. Kwa wanaotaka kujipima bila kifaa, wachukue rula ndefu. Mtu mmoja aishike juu, mwingine aweke vidole wazi kwenye sifuri, iachiwe bila onyo, aidake. Muda hupatikana kwa kuzidisha umbali kwa mbili, kugawa kwa mvuto wa dunia, na kutafuta kipeuo cha pili. Akidaka kwenye sentimita 20, ameitikia kwa sekunde 0.20, kwenye 30, ni takriban 0.25. Aliyechoka sana rula ya shule humponyoka yote, kwa hiyo tumieni fito iliyochorwa vipimo. Je, mleta mada haoni kwamba madereva wangeweza kupimwa hivi stendi kabla ya safari?

MLETA MADA

Mwalimu, kwa darasani ni zoezi zuri sana, ila stendi naliogopa. Kumbuka ile sura ya kuharibika: majibu mengi ya kawaida, na machache mabaya katikati yake. Rula ikidakwa mara tano, kila mara mtu akiwa amejiandaa na wenzake wanamtazama, itaonyesha yale ya kawaida tu. Angepewa cheti cha uzima, kisha akapitiwa njiani, huko Mkata. Kipimo kinachotaka kunasa kupitiwa lazima kiwe kirefu na cha kuchosha. Stendi ningemuuliza dereva maswali mawili tu: umelala kwa jumla ya saa ngapi katika siku mbili zilizopita, na umeamka lini?

MKAZI WA NGAMIANI

Na Ramadhani je? Tunalala mara mbili, kabla ya daku na baada yake.

MLETA MADA

Usingizi uliogawanyika si tatizo lenyewe. Kinachohesabiwa zaidi ni jumla yake ndani ya saa 24, ambayo kwa mtu mzima inapendekezwa isipungue saa 7. Wengi wetu mwezi huo tunachelewa kulala, tunaamkia daku, na asubuhi kazi inatungoja saa ileile. Kipande kilichokosekana kirudishwe mchana, ikiwezekana katika kile kipindi cha saa nane hadi saa kumi ambacho mwili wenyewe unapendelea kupumzika.

NAHODHA WA DAGAA

Maalim, nimekuelewa. Basi nishauri: kurudi alfajiri hatuwezi kuepuka. Nipange vipi watu wangu, na je, zile siku za mbalamwezi zinatosha kulipa deni?

MLETA MADA

Nianze na la pili. Mwaka 2003, Gregory Belenky na wenzake wa taasisi ya jeshi ya Walter Reed waliwabana watu usingizi kwa siku 7, kisha wakawapa usiku tatu za kulala saa 8. Hata baada ya hizo tatu, waliobanwa hawakurudi katika kiwango chao cha mwanzo. Kwa hiyo mapumziko yenu ya mbalamwezi ni neema ambayo madereva hawana, ila siku mbili tatu za mwanzo zisijazwe ujenzi, shamba na safari. Kwa siku za giza, mlale mara tu mnada unapokwisha, kabla ya kushona nyavu, katika chumba kilichozibwa mwanga. Joto la mchana na saa ya mwili zitaupunguza usingizi huo tu, basi mwongeze kipande kingine alasiri kabla ya kutoka.

Chomboni, kipindi cha kungoja dagaa wakusanyike kwenye taa ndicho cha kugawana. Wanaolala wakati huo wawe wale watakaoshika usukani na zamu ya mbele wakati wa kurudi, na waamshwe nusu saa kabla ya kukabidhiwa, kwa sababu ya yale mang'amung'amu niliyomweleza dada muuguzi. Mtakapokaribia njia ya meli wawe wawili mbele, na taa ikionekana na mmoja, mwingine aithibitishe kwa kusema iko upande gani kabla hajaambiwa. Ukiwa na mabaharia kumi au zaidi hesabu hiyo inatimia bila taabu. Ukiwa na wanne au watano, acha mtego wa mwisho uwe wa karibu, ili safari ya kurudi ikamilike kabla ya saa tisa usiku, au mtie nanga mlale hadi kupambazuke na mnada muufuate kwa kuchelewa.